Nimefundisha kwa chaki miaka 17, mtandao nimejifunzia ukubwani: yaliyonikuta

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Walimu, wazazi na wanafunzi mliomo humu, uzi ni mrefu, kaeni mkao wa kusoma.

Nafundisha hisabati. Kwa miaka mingi vifaa vyangu vilikuwa chaki, ubao na rula ya mbao iliyokatika ncha. Simu janja nilikuwa nayo, ila kazi yake ilikuwa kupokea salamu za asubuhi na kuangalia matokeo ya mpira. Shule zilipofungwa mwaka 2020, nikaitwa ghafla "mwalimu wa mtandaoni" bila hata kupewa siku ya kujifunza. UNESCO walisema wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa mwezi Aprili mwaka ule. Wangu mimi walikuwa 54 tu, na hata hao sikujua niwapateje.

Miezi ile nilikusanya apu. Nikisikia mwalimu mwenzangu ametaja programu fulani, usiku huohuo nimeipakua. Nilifungua akaunti kumi na kitu, nywila zote nimeziandika nyuma ya daftari la maandalio. Wanafunzi nao nikawavuta huku na huku: leo video, kesho mchezo wa maswali wenye muziki, keshokutwa darasa la moja kwa moja ambalo akaunti ya bure inalikata dakika ya 40, mfano wa pili sijaumaliza. Mwisho wa muhula nikatoa mtihani. Makosa yakawa yaleyale niliyoyachora kwa kalamu nyekundu mwaka wangu wa kwanza kazini.

Nilipoangalia vizuri nikaona vile vitu vyote vilikuwa vinafanya kazi moja: kumwonyesha mwanafunzi kile ninachokijua mimi. Hakuna hata kimoja nilichokitumia kuniambia yeye amekwama wapi.

Sasa hapo kwenye kukwama ndipo penye uzi.

Chukua swali hili: −3 − 5 ni ngapi? Jibu ni −8. Nikiuliza darasani wanajibu kwa pamoja, "hasi naneee", nami nageukia ubao nimeridhika. Siku moja nikaliweka kwenye fomu ya Google, swali la kuchagua, majibu manne: −8, 8, −2 na 2. Yale matatu ya makosa sikuyaokota tu. Anayechagua 8 amekariri "hasi kwa hasi ni chanya", kanuni ya kuzidisha, akaibeba mpaka kwenye kutoa. Anayechagua −2 ameanza na −3 akaenda mbele hatua 5 zikampeleka kwenye 2, kisha akakumbuka kwamba "lazima kuwe na hasi" akaibandika. Anayechagua 2 hakuziona alama, yeye ameona 5 na 3 akatoa. Hayo ni magonjwa matatu, na dawa ya mmoja haimtibu mwingine.

Fomu ikafungwa saa tatu usiku. Walijibu 41, na 19 kati yao walichagua 8. Kumi na tisa! Hao wote walikuwa wanaimba "hasi nane" na wenzao kila siku, mimi napiga makofi.

Kesho yake niliweka pembeni mada mpya. Nilichora mstari wa namba kuanzia ukuta hadi ukuta, nikamsimamisha mmoja kwenye −3, nikauliza: tunaondoa 5, anaelekea mlangoni au dirishani? Dakika 15 zilitosha. Ile kanuni ya "hasi kwa hasi" tukaipa jina lake kamili, "hasi kuzidisha hasi", na neno "kwa" tukalipiga marufuku.

Tangu hapo nimebaki na fomu moja, maswali matatu, mara mbili kwa wiki. Zile akaunti nyingine nimezifunga, isipokuwa GeoGebra ninayoitumia kuchorea grafu. Karibuni mchangie, na wenye kunikosoa msinionee huruma.

Mzee wa Fizikia

Mwalimu, pole na hongera. Ila niseme la moyoni. Zamani tulikuwa tunawaambia wanyooshe mikono. Hatukuhitaji bando kujua nani hajaelewa. Mnakuza mambo.

Chaki Nyeupe

Mzee wangu, shikamoo. Mikono nimeihesabu miaka 17. Ni mitano, na ni ileile. Yule wa dawati la nyuma aliyechagua 8 hajawahi kunyoosha mkono mbele ya wenzake, lakini kwenye fomu alijibu dakika mbili baada ya kuifungua. Hapo ndipo nilipouona mtandao una maana. Anaweza kukosea bila macho 53 kumgeukia.

Mzee wa Fizikia

Marahaba. Hilo la macho 53 nimelipokea.

Basi na mimi nitoe changu, nisionekane nimekuja kupinga tu. Kuna maigizo ya sayansi, yaani majaribio ya kwenye skrini, yanaitwa PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Yalianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2001. Ni bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Uzuri wake mkubwa kwangu: unalipakua igizo kama faili moja la HTML, unalihamisha kwa flashi, linafunguka kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Saketi za umeme nafundisha hivyo. Kifaa kikiungua kwenye skrini hakuna wa kukilipa.

Ila kuna mtego. Ukiwapa igizo na kuwaacha, wanacheza. Wanaunga betri 20 wapate moto wa skrini wacheke. Siku hizi kabla sijawaruhusu kugusa chochote, kila mmoja anaandika kwenye daftari: balbu mbili nikiziunga mfululizo, mwanga utakuwaje ukilinganisha na balbu moja? Nikishaona wameandika, ndipo wanafungua. Aliyeandika "utabaki vilevile" akaona balbu zimefifia, huyo hataniuliza tena kwa nini tunasoma ukinzani.

Mzazi wa Watatu

Nimesoma kimya kimya ila hapa lazima niongee. Mimi ni mama wa watoto watatu, simu ndani ya nyumba ni moja, na ni ya kazi yangu. Kila mwalimu ana grupu lake. Saa nne usiku simu inalia: "fungueni linki". Linki yenyewe ni video ya dakika 45. Bando linakwisha mwalimu hajamaliza kusalimia.

Halafu kubwa zaidi. Mwalimu mmoja aliweka alama za darasa zima kwenye grupu, majina na namba, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho alikuwa mwanangu. Wazazi 60 wameona. Mtoto alikaa siku mbili hataki kwenda shule. Walimu mnapojifunza hivi vifaa, anayefunzwa kutunza siri za watoto ni nani?

Chaki Nyeupe

Mama, hapo umenishika pabaya, kwa sababu na mimi nimewahi kuweka alama kwenye grupu. Niliona nahamasisha. Niliacha baada ya mzazi mmoja kunipigia simu, hakugomba, aliniuliza tu kama mimi ningependa mshahara wangu ubandikwe getini.

Kuhusu video uko sahihi kabisa, na si kwa ajili ya bando peke yake. Mwaka 2014 watafiti Guo, Kim na Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za masomo kwenye jukwaa la edX. Video iwe na urefu wowote, muda wa kati ambao watu waliitazama haukuzidi dakika 6. Yaani zile dakika 39 zinazobaki mwalimu anajiongelesha. Na hao walikuwa watu wazima waliojiandikisha kwa hiari yao, sembuse mtoto wa watu anayetumia simu ya kuazima.

Mimi sirekodi video tena. Napiga picha ya swali nililolifanya kwa mkono kwenye karatasi, kisha natuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili nikieleza mstari kwa mstari. Picha na sauti kwa pamoja vinakula bando dogo kuliko video. Mtoto anaweka karatasi mbele, anasikiliza, anasimamisha, anarudia. Dokezo kwa walimu: hiyo picha tumeni kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha za kawaida, na alama ya hasi ikififia somo zima limeharibika.

Fundi Seva

Nachomekea hapo kwenye usiri, maana ndiyo kazi yangu.

Grupu la kawaida la WhatsApp linaonyesha namba ya kila mtu kwa kila mtu. Ukiingiza mabinti wa miaka 15 na watu wazima 100 humo, umegawa namba zao kwa watu usiowajua. Njia rahisi ya kutokea ni orodha ya matangazo. Mwalimu anaandika mara moja, kila mzazi anaupokea kama ujumbe wake peke yake, na akijibu, jibu linamfikia mwalimu tu. Mwisho ni watu 256 kwa orodha moja. Sharti lake ni mzazi awe amehifadhi namba yako kwenye simu, vinginevyo haupokei, na hapo ndipo walimu wengi wanapokata tamaa wakidhani haifanyi kazi. Njia nyingine ni Jumuiya za WhatsApp. Kwenye grupu la matangazo la jumuiya, wanachama wa kawaida hawaonani namba.

Na kama shule ina kompyuta moja yenye nguvu kidogo, tafuteni Kolibri. Unaiweka kwenye kompyuta hiyo, unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao mzuri, ukirudi shule inagawa kwa wifi ya ndani. Simu na vishikwambi vinafungua masomo na mazoezi bila intaneti wala bando, na mwalimu anaona nani amefanya nini. Waliotengeneza walianza na toleo la nje ya mtandao la Khan Academy, ile tovuti ya masomo ya bure, wakaliita KA Lite.

Moodle, mfumo wa kuendesha masomo mtandaoni, nayo ni ya bure, ipo tangu 2002, ila kwa mwalimu mmoja asiye na fundi siipendekezi. Ni kama kununua basi ili umpeleke mtoto mmoja shule. Ni nzuri shule nzima ikiamua.

Chaki Nyeupe

Fundi, hilo la kuhifadhi namba umenifumbua. Nilishaitupilia mbali orodha ya matangazo nikidhani simu yangu mbovu.

Umetaja Khan Academy, na kuna kitu ambacho walimu hawakumbuki. Salman Khan hakuanza na video. Mwaka 2004 alikuwa anamsaidia binamu yake Nadia, kwa mbali, baada ya kazi. Binti alikwama kwenye kubadili vipimo. Kitu kimoja, mtu mmoja. Video zilikuja 2006 ndugu walipokuwa wengi, na mwenyewe amesimulia kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi wa kwenye YouTube kuliko wa ana kwa ana, kwa sababu wa YouTube unaweza kumsimamisha na kumrudisha nyuma bila aibu. Sisi tumeiga video, yule Nadia tukamsahau.

Niko Darasani

Mimi ni mwanafunzi, samahanini wakubwa zangu kwa kuingilia. Shikamooni.

Niseme ukweli ambao walimu hawausemi. Hizo fomu sisi tunafanya hivi: mmoja mwenye akili anajaza kwanza, anapiga picha ya skrini, anaitupa kwenye grupu letu ambalo walimu hawamo. Dakika tano wote tumepata 100. Mwalimu kesho anakuja anatabasamu, "mmenielewa vizuri sana." Tunamwonea huruma.

Mzee wa Fizikia

😂😂 Chaki, jibu hilo.

Chaki Nyeupe

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuwa mkweli. Kwangu yalitokea wiki ya tatu. Majibu yalianza kufanana hadi makosa. Watu 12 walikosea swali moja kwa namna moja, kumbe "mwenye akili" siku hiyo alikuwa amechoka.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza, niliondoa alama. Fomu haihesabiwi popote, haiingii kwenye ripoti, haina wa kwanza wala wa mwisho. Mtu akinakili haibi chochote, anajipotezea dakika zake nne. La pili ndilo ninalolipenda. Chini ya kila swali niliongeza jingine dogo: "Una uhakika?" Majibu ni mawili: nina uhakika, au nabahatisha.

Hapo ndipo fomu ilipoanza kuongea. Aliyepata kwa kubahatisha na aliyepata kwa uhakika kwenye mtihani wanapewa vema ileile, kwangu sasa ni watu wawili tofauti. Na aliyekosa akiwa na uhakika ndiye ninayemtafuta kwanza asubuhi. Anayebahatisha anajua hajui, atasikiliza. Huyu mwenye uhakika atakaa darasani mwezi mzima akidhani mimi ndiye ninayechanganya mambo.

Swali la tatu la fomu, wenyewe wamelipa jina "swali la kufukua". Linatoka kwenye mada ya wiki mbili au tatu zilizopita, bila taarifa. Mwanzoni walilalamika sana. Nikawapa mfano wa jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne, jingine lilisoma mara moja kisha likajaribu kukikumbuka mara tatu bila kukitazama. Baada ya dakika 5 wasomaji wa mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja wao walikumbuka asilimia 40, waliojifukua wenyewe wakakumbuka asilimia 61. Darasa likanyamaza, kisha mmoja akasema, "kwa hiyo mwalimu kurudia kusoma ni kujidanganya?" Si kujidanganya kabisa, nikamwambia, ila mtihani haufanyiki baada ya dakika 5.

Niko Darasani

Hiyo ya "nabahatisha" ningeijaza kila siku 😅 Ila ningejaza ukweli.

Kalamu ya Lugha

Wenzangu wa namba mna raha. Mimi nafundisha lugha, kwetu swali la kuchagua halifiki mbali, tunasoma insha. Na tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, insha zimekuwa safi kupita kiasi.

Nitakiri kosa langu. Nilipata kitambuzi cha mtandaoni kinachosema maandishi haya yameandikwa na akili mnemba kwa asilimia kadhaa. Nikakiamini. Nikamwita binti mmoja, nikamwambia insha yako si yako. Alilia. Akanionyesha daftari lenye rasimu tatu, zimefutwafutwa, zina tarehe. Insha ilikuwa yake. Niliomba radhi mbele ya darasa kwa sababu tuhuma nilizitoa mbele ya darasa.

Baadaye ndipo nikasoma kuhusu utafiti wa Liang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, 2023. Walichukua insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo za binadamu ziliambiwa ni za mashine. Sababu inayotajwa ni msamiati mdogo na sentensi nyepesi, yaani vilevile anavyoandika mtu anayejifunza lugha. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa kitambuzi chao mwezi Julai 2023 kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Sasa mimi nani nikiamini cha bure cha mtandaoni?

Siku hizi wanaandikia Google Docs, na naangalia historia ya matoleo. Insha ya mtu inaonekana ikikua: aya inaingia, inafutwa, inarudi, kuna siku mbili hakuna kitu, kisha usiku wa mwisho inakimbia. Iliyobandikwa inatua yote kwa mkupuo. Hata hapo sihukumu, huenda aliandika kwingine akanakili. Namwita tu, namuuliza kwa nini alichagua neno fulani. Mwenye insha yake hachelewi kujibu.

Mzazi wa Watatu

Mwalimu wa lugha, kuomba radhi mbele ya darasa ni kitu kikubwa. Mwanangu bado anasubiri ya kwake.

Kalamu ya Lugha

Pole sana dada yangu.

Nina swali kwa Chaki. Umesema umeondoa alama. Kwangu wanafunzi wanadai alama kama mshahara. Nikiandika maelezo marefu pembeni ya insha wanaruka moja kwa moja hadi chini kwenye namba.

Chaki Nyeupe

Dada, hata sisi tulikuwa hivyohivyo. Ruth Butler alilipima jambo hili mwaka 1988 kwa watoto wa shule. Wengine walipewa maoni peke yake, wengine alama peke yake, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio walioendelea vizuri. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika, alama iliyameza maoni. Nami nimejionea hivyohivyo kwa macho.

Kwa insha ningefanya hivi: kwenye Docs waachie maoni mawili tu pembeni, yasiwe kumi, na alama uiweke kwenye daftari lako. Akishafanyia kazi yale mawili ndipo unampa namba. Mpangilio huo mtandaoni ni rahisi kuliko kwenye karatasi, kwa sababu insha haijaondoka mkononi mwake.

Na nisijifanye fundi. Kuna siku nilituma fomu, watoto wakaanza kucheka kwenye grupu. Kufungua, naona swali la pili linasema "Mwalimu ana umri gani?" na majibu manne, yote zaidi ya 80. Nilikuwa nimetuma linki ya kuhariri badala ya linki ya kujaza. Siku iliyotangulia niliifungua kwa yeyote mwenye linki ili mwenzangu anisaidie, nikasahau kuifunga. Ile ya juu kwenye kivinjari inayoishia na neno edit siyo ya kuwapa. Nakilini linki ya kujaza inayotolewa na fomu yenyewe, halafu ifungueni kwa simu nyingine kama mwanafunzi kabla ya kuigawa.

Jingine: maswali ya kuandika jibu fupi yapimeni mara mbili. Niliweka jibu sahihi "-8". Mtoto akaandika "- 8", akaacha nafasi. Kompyuta ikasema amekosa. Alinifuata akitetemeka na daftari lake.

Fundi Seva

Swali la umri, wamebakiza majibu uliyopanga wewe au waliweka yao? Nauliza kitaalamu.

Chaki Nyeupe

Yao. Sahihi waliweka 94.

Mzee wa Fizikia

Chaki, kuna kitu umekipita haraka. Uko na watoto 54, waliojibu 41. Hao 13?

Chaki Nyeupe

Ndiyo, Mzee. Nilikuwa nasubiri nani ataliuliza.

Tisa hawana simu nyumbani, au ipo kama ya mama hapo juu. Wanne wanayo lakini hawajibu, hao ni habari nyingine. Mwezi ule wa mwanzo hao tisa niliwaacha nyuma, tena nikiwa najiona mwalimu wa kisasa. Mimi najua magonjwa ya 41, nawatibu, wale tisa nawatibu kwa kukisia. Pengo likaanza kuonekana kwenye daftari zao.

Sasa fomu ina pacha wa karatasi. Maswali yaleyale matatu kwenye kipande cha upana wa vidole vinne, wanajaza dakika tano za mwisho za kipindi, mimi nayaingiza mwenyewe kwenye ile fomu jioni. Inanichukua dakika kumi.

Kuna pia kitu kinaitwa Plickers kwa wasio na simu kabisa. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wa pekee. Akiizungusha upande huu ni A, upande ule ni B, hadi D. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake moja juu ya darasa, inasoma kadi zote. Jirani hawezi kunakili kirahisi kwa sababu michoro haifanani. Nimeijaribu mara mbili. Mwanga wa dirishani ulinisumbua, ila watoto waliipenda mno.

Mizani na Msumari

Nimesoma uzi wote kwa mkupuo. Mimi ni mwalimu wa kemia, mwaka wa pili kazini. Fomu najua kutengeneza, hilo si tatizo. Tatizo majibu ya makosa. Nikiweka, yanakuwa ya kipuuzi, kila mtu anapata. Mnayatoa wapi?

Chaki Nyeupe

Karibu mwalimu. Usiyatunge. Yaokote. Chukua daftari kumi za mwaka jana, tafuta makosa yanayojirudia, hayo ndiyo majibu yako. Na jiulize kila jibu: mtoto anayechagua hili anaamini nini? Ukishindwa kujibu, lifute. Mada yako ya sasa ni ipi?

Mizani na Msumari

Kutu, na mabadiliko ya kikemikali kwa ujumla.

Chaki Nyeupe

Basi jaribu hili, utanirekebisha mimi si wa kemia. Msumari wa gramu 10 umeota kutu, na kutu yote imebaki juu yake, hakuna iliyodondoka. Uzito wake sasa: umepungua, haujabadilika, umeongezeka. Anayesema umepungua anaamini kutu inakula chuma kama mchwa. Anayesema haujabadilika ameshika sheria ya uhifadhi wa tungamo lakini kasahau kuwa kuna kitu kimeingia kutoka hewani. Weka na "una uhakika?" chini yake.

Mzee wa Fizikia

Na ukipata majibu usiende kuwahubiria oksijeni. Chukua zile nyuzi laini za chuma za kusugulia masufuria, pima, choma, pima tena. Waache waone mizani inapanda.

Mizani na Msumari

Nimeituma jana jioni, na karatasi kwa wasio na simu. Nimepata majibu 36. Waliosema umepungua ni 23, na 17 kati yao wana uhakika.

Kesho nilikuwa nimeandaa kuanza asidi na besi. Nimeahirisha. Nyuzi za chuma nimepata, mizani ya maabara inasoma hadi gramu 0.01. Kabla sijawasha moto nitawaambia kila mmoja aandike mizani itasoma nini.

Mzee wa Fizikia

Funga madirisha, upepo usichezee mizani. Na vaa miwani.